Fimbo ya Kinyonga

Jumatano, 4 Machi

Ujumbe kutoka kwa binti yangu, saa nne asubuhi. Maneno kumi, ukihesabu na tarehe. "Nitakuja Jumamosi ya tarehe 14 kuchukua fimbo ya baba. Sitakaa."

Nimeusoma mara tatu nikitafuta zaidi ya kilichomo. Hakuna. Miaka yote nawaambia wageni wa chumba cha habari: usisome kisichoandikwa.

Miezi kumi na sita tangu tumzike baba yake. Hajalala humu tangu siku ile. Alimuuguza siku kumi na moja peke yake. Mimi nilikuwa mpakani, nikihesabu wakimbizi na kutuma habari. Nilifika siku ya kumi na mbili, viti vimeshapangwa nje. Akanifungulia mlango, akasema: "Umefika." Basi. Tangu hapo ni salamu za simu, fupi kama risiti.

Nikajibu: Karibu. Nikafuta. Nikaandika: Karibu mwanangu, itakuwa tayari. Nikatuma kabla sijafuta tena.

Tayari! Hata sijui iko katika hali gani.

Jioni. Nimeishusha kutoka juu ya kabati, fimbo yake ya snuka. Mfuko wake una vumbi la kuandikia jina. Kishikio cha mpingo ni kizima. Kuanzia hapo kwenda juu ni mti mweupe wa nchi za baridi, wenye mistari mirefu, na juu ya uso mmoja mistari inakutana na kuwa mishale, mmoja ndani ya mwingine. Mwenyewe aliipenda mishale ile. Kabla ya kupiga aliielekeza juu, kila mara, hata mpira uwe wa kupiga macho yamefungwa.

Sasa mti umefubaa. Una rangi ya chai iliyosahaulika. Mistari haionekani, na ukipitisha mkono unakwama. Mapovu ya unyevu, nadhani, ya masika na vuli juu ya kabati langu.

Nimempelekea picha fundi wa viti, ambaye pia hutengeneza fimbo za wacheza snuka. Kajibu kwa sauti: hiyo si fimbo, hiyo ni mwiko. Ilete kesho.


Alhamisi, 5 Machi

Karakana ya fundi ni nyuma ya stendi ya mizigo. Sikio lake la kushoto halisikii, kwa hiyo ukikaa kushoto unajibiwa swali la jana. Nikakaa kulia.

Akafunga jicho moja, akaitazama kwa urefu. Imenyooka, akasema. Huyu bwana aliitunza. Aliyefuata ndiye muuaji. Nikasema aliyefuata ni mimi. Akasema: "Najua, mama mwandishi. Ndiyo maana nimesema."

Nilitaka kumwachia. Akakataa. Ana viti arobaini vya ukumbi wa harusi. Halafu kazi yenyewe ni ya mkono mmoja wenye subira, si ya ufundi. "Wewe umeandika miaka thelathini, utashindwa kusugua?"

Maelekezo yake, kama nilivyoyaandika palepale:

Safisha kwa tambara lililonyunyiziwa spiriti. Acha ikauke. Msasa laini kabisa, ule unaodhani hauna kazi. Sugua kufuata mti, kwa urefu wake, usikate kwa upana. Ncha usiiguse, ukiipunguza hata unywele fimbo itakuwa ya mtu mwingine. Halafu dawa nyeusi — ni rojo zito, unga wa rangi na mafuta, lina harufu ya lami — unalipaka kwa kuzungusha, ukilisukuma ndani ya mistari. Likianza kufifia kama majivu, unapangusa kwa kipande cha gunia. Hapo ndipo watu wanapokosea. Kusugua ni kufuata mti. Kupangusa ni kuukata mti. Ukipangusa kwa kufuata, unaichota dawa yote mistarini, umerudi sifuri. Mwisho mafuta ya kitani, matone, tabaka jembamba, siku moja kati ya tabaka na tabaka.

Nikamsomea yote nilivyoandika. Akasikiliza kwa sikio zima. Akasema hakuna mteja aliyewahi kumsomea maneno yake mwenyewe, na kwamba anaongea vizuri kuliko alivyodhani.

Kanipa kopo lililobaki robo, na kipande cha mti uleule cha kujaribia.


Jumamosi, 7 Machi

Barazani, mchana, mwanga wa kutosha. Nimevaa gauni la zamani la kazi, lile lenye pini kwenye ukosi badala ya kifungo.

Tambara la kwanza lilitoka jeusi. La pili la kahawia. La tatu nikalitazama kwa muda. Ule haukuwa uchafu tu. Ulikuwa mkono wake — jasho, chaki, miaka ishirini na tisa. Nimeuosha na spiriti na kuutundika kambani. Hivyo ndivyo ilivyokuwa. Sina la kuongeza.

Msasa. Mti mweupe ukajitokeza, mweupe kama ndani ya mkate. Nikakumbuka alivyokuwa akifuta fimbo hii akirudi ukumbini, ameketi kwenye kiti kilekile ninachokikalia. Hakuruhusu mtu aiguse. Mara moja niliichukua nivute buibui darini. Hakugomba. Aliipokea, akaifuta, akaniletea ufagio. Wiki nzima nikiingia chumbani nilikuta ufagio umeegemezwa upande wangu wa kitanda.

Wenzake walimwita Kinyonga. Kwa ule ucheleweshaji wake. Angeinama mezani, atandaze mkono wa kushoto, kisha avute fimbo nyuma na mbele, nyuma na mbele, taratibu mno, mpaka mpinzani aagize soda. Niliwahi kumuuliza anasubiri nini. Akasema: "Nasalimia kwanza." Nilidhani anasalimia meza.

Dawa. Nikapaka, ikafifia, nikapangusa — kwa kufuata mti! Nimeandika maelekezo, nimeyasoma kwa sauti, nikayavunja kwa mkono wangu. Mistari yote ikarudi mitupu. Nimecheka peke yangu barazani. Jirani akachungulia ukutani akauliza kama kuna mgeni.


Jumapili, 8 Machi

Mara ya pili. Nikakata mti, kama alivyosema fundi. Gunia mkononi, fimbo magotini, pangusa, geuza, pangusa.

Ikatokea. Sijui niielezeje bila kuipamba. Kila mstari ukawa mweusi na mwembamba, kama wino kwenye karatasi nzuri, na mishale ikasimama mmoja baada ya mwingine mpaka karibu na ncha. Fimbo ile ile aliyokuwa akitoka nayo kila Jumamosi.

Nikajikuta nageuka kumwonyesha.

Nimeandika vifo vingi. Najua jambo hili, watu wamenieleza wakilia na nikaandika vizuri: kwamba mkono hugeuka kabla akili haijakumbuka. Nilikuwa nimeliandika kama mtu anayeandika bei ya unga. Sasa nalijua.

Nimempigia binti, hakupokea. Sikuacha ujumbe. Ningesema nini — njoo uone mistari?


Jumatatu, 9 Machi

Kuna tatizo.

Leo mchana nimeona vidoa. Ubavuni mwa fimbo, upande usio na mishale. Vyeusi, vya duara, vidogo kuliko kichwa cha kiberiti, vimejificha kwenye mstari mmoja. Jana niliviona nikadhani ni matone ya dawa. Nimevikwaruza kwa ukucha. Si matone. Ni matundu, na dawa imeingia ndani.

Saba. Nimepima kwa utepe, kutoka nchani: sentimita 3, 9.5, 15, 20.5, 32.5, 38.5, 45. Baada ya hapo hakuna.

Urefu wa fimbo yote: 146.

Nimempigia fundi. Akauliza: unga unatoka? Hautoki. Matundu yamenyooka au yamepinda? Sijui. Akasema kwa vyovyote mbao ikianza kubunguliwa haisemi karibu wala kwaheri. Ziba leo. Unga wa mti uleule, usugue kutoka kwenye kipande nilichokupa, changanya na gundi, shindilia kwa ncha ya pini, acha ikauke kabisa, msasa, halafu rudishia mstari kwa dawa. Nikamuuliza kama akiiona kwanza si bora. Akasema ana viti ishirini na saba bado na bwana harusi mwenye kelele kuliko bendi.

Nikaziba. Pini niliitoa ukosini. Kazi ya dakika hamsini. Sijawahi kufanya kazi safi kama ile kwa mikono hii. Jioni nikapitisha kidole: hakuna kitu. Laini kama shavu.

Mhariri alipiga. Daraja limekatika kule juu, watu wamekwama pande mbili, anataka mtu mzoefu aondoke Alhamisi arudi Jumapili. Huyu nilimfundisha mwenyewe kuandika kichwa cha habari. Nikamwambia siendi. Akauliza kama naumwa. Nikasema sijambo, nina mgeni. Akauliza mgeni gani. Nikamwambia, kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe, kwamba hayamhusu.


Jumanne, 10 Machi

Tabaka la kwanza la mafuta. Matone manne, kiganja kitupu, kusugua mpaka mti upate joto.

Nimetandika kitanda chake. Amesema hatakaa. Najua. Nimetandika.


Alhamisi, 12 Machi

Niandike polepole.

Tabaka la pili lilikauka asubuhi. Fundi alisema fimbo haijulikani mpaka ipigiwe. Nikaipeleka kwa kinyozi, aliyekuwa mpinzani wa mume wangu miaka yote ile. Kibanda chake kiko chini ya ukumbi wa snuka, ngazi za chuma pembeni. Alikuwa na mteja nusu kichwa. Akamwacha vivyo hivyo. "Shemeji! Umemleta Kinyonga?" Mteja akauliza na yeye je. Kinyozi akamwambia tulia, hata mwezi huwa nusu na hakuna anayelalamika.

Tukapanda. Ukumbi una meza mbili, moja imefunikwa turubai. Akaelekeza mishale juu, akainama, akapiga mpira mmoja, wa pili. Akasema fimbo imerudi ujana, na kwamba hata kwa fimbo hii bado Kinyonga angeagizisha watu soda.

Kisha akaigeuza ubavu. Akaisogeza dirishani. Akaigeuza tena. Akavaa miwani.

"Shemeji, ziko wapi?"

Nikauliza nini.

"Siku za kuzaliwa za mtoto."

Nikamwomba aanze mwanzo. Nikatoa daftari, kwa mazoea. Alivyosema:

Kila mwaka, siku ya kuzaliwa ya binti, Kinyonga alikuja naye hapa. Alimvua viatu. Alimsimamisha pale ukutani, chini ya ubao wa pointi, akamwambia simama kama mti. Fimbo akaisimamisha pembeni yake, kishikio chini. Pini moja, pale kichwa kilipofika, kwenye mstari wa mti ili isionekane. Halafu nta ya mshumaa kidogo juu yake. Walimzomea. Mtu ambaye mkewe hakuruhusiwa kuvutia buibui — hiyo hadithi wote waliijua — anaitoboa mwenyewe? Akawaambia mkono ukipita hapo haukwami. Unasalimia tu.

"Ndiyo ile nyuma na mbele yake," kinyozi akasema. "Sisi tulidhani anapima pembe."

Binti alipofika miaka kumi na miwili akaizidi fimbo. Kinyonga akasema basi, huyu sasa hapimiki, akanunulia ukumbi mzima biskuti.

Nikamuuliza kama binti alijua. Akanitazama kama niliyeuliza kama samaki anajua maji. "Alikuwa anazihesabu kwa kidole, shemeji. Macho amefumba."

Nikafunga daftari. Nikamwambia nilizidhani wadudu. Nikamwambia nimeziziba.

Hakutania. Huyu ambaye humtania maiti! Akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Kutoka chini mteja akaita kwamba nusu ya kichwa chake inapata baridi.


Alhamisi hiyo hiyo, alasiri

Nimefanya hesabu. 146 toa 45, ni 101. Miaka minne, alikuwa mfupi. 107.5, mitano. 113.5, sita. 125.5, minane. 131. 136.5. 143, kumi na mmoja.

Hakuna wa saba.

Kati ya sita na minane kuna sentimita kumi na mbili tupu. Jumatatu niliuandika umbali huo kwa mkono wangu na haukuniambia kitu. Leo umeniambia. Ndio mwaka nilioondoka na mtoto. Vyumba viwili, ng'ambo ya mji, ghorofa ya pili, miezi kumi na minne. Mimi na mwenzangu tulikuwa tumechokana, au mimi nilikuwa nimechoka na yeye alikuwa akingoja nipumzike. Siku ile ya kuzaliwa alikuja kumchukua. Niliwaambia wote wawili mlangoni kwamba si zamu yake.

Hakubisha. Alikuwa na fimbo begani, ndani ya mfuko. Nilidhani anapitia kwenda kucheza.

Niko stoo sasa. Hapa yako madaftari yangu yote ya kazi, maboksi thelathini na mawili, boksi kwa mwaka. Nimetafuta nilikuwa wapi katika siku zile saba za kuzaliwa. Mafuriko. Kesi ya waziri wa zamani. Kura zikihesabiwa upya. Kiwanja cha ndege, kumngoja mtu ambaye hakushuka. Mgomo wa walimu. Mbili sikuzitafuta tena.


Ijumaa, 13 Machi

Nimeenda kwa fundi na fimbo. Nimemwambia ukweli wote, nimekaa upande wake wa kulia. Akaweka msumeno chini. Akasema kosa ni lake: mdudu hatoboi kwa mstari ulionyooka, hana rula, angeiona tu angejua. Nikasema kosa ni langu, nilikuwa na vipimo mkononi na sikuuliza. Tukagombania kosa kama watu wanaogombania kulipa chai.

Yanaweza kufunguliwa? Hapana. Gundi imekuwa ngumu kuliko mti. Ukichimba pale unapasua mstari, na mstari ukipasuka unakwenda mpaka nchani.

Kisha akasema, akitazama pembeni: "Lakini vipimo unavyo."

Ninavyo. Hadi milimita.

Akachukua kipande kile cha kujaribia. Pini, kusogea kidogo, mstari wa jirani. Dawa. Gunia. Nta. Akanipa nifumbe macho nipitishe kidole. Kilikwama kidogo sana, kisha kikapita. Akasema: nani atajua? Mkono wa mtoto unakumbuka mahali, haukumbuki mstari.

Nimerudi na fimbo, na kipande, na dawa.

Saa tisa hadi saa kumi na moja nimekaa barazani. Pini iko mkononi, utepe umelala kando ya fimbo, alama ya kwanza iko chini ya kidole changu cha gumba. Sentimita 45. Ni kubonyeza tu. Angefumba macho kesho na angemkuta baba yake pale alipomwacha. Na pengine angekaa. Saa moja. Chai moja.

Nilichokuwa nacho mkononi ni vipimo sahihi vya kitu ambacho sikuwepo kilipotokea. Nimeishi kwa kuandika vitu vya namna hiyo. Lakini niliandika kwamba nimeambiwa. Sikuwahi kuandika kwamba niliona.

Nimerudisha pini ukosini. Tabaka la tatu la mafuta. Ufagio umeegemea mlango wa jikoni. Nimeuacha hapo hapo.


Jumamosi, 14 Machi

Naandika nimekaa juu ya boksi, stoo. Haraka.

Alikuja saa nne kasoro. Mfuko mmoja mdogo wa begani. Amekonda. Amekata nywele fupi, shingo ni ya baba yake kabisa. Akasema, "Shikamoo mama." Nikasema marahaba. Tukasimama. Mimi ninayewafanya mawaziri waongee!

Akaketi ukingoni mwa kochi, kama mtu anayesubiri kuitwa jina hospitalini. Fimbo ilikuwa mezani, ndani ya mfuko wake. Akaitoa mfukoni. Akakaa nayo. Akauliza ni fundi gani. Nikasema fundi wa viti alinielekeza, kazi ni yangu. Akaniangalia mikono. Dawa bado imo kwenye kucha.

"Mishale imerudi," akasema. Sauti ilikuwa ya kawaida.

Kisha akaiegemeza magotini, akafumba macho, akapitisha mkono wa kushoto. Kutoka mpingoni kwenda nchani. Taratibu. Akarudi. Akaigeuza kidogo, akapita tena. Nyuma na mbele, nyuma na mbele. Nilikuwa sijawahi kuona uso wake ukifanya vile. Nilikuwa nimeuona kwa mtu mwingine, mara elfu, na nikauliza anasubiri nini.

Sikumngoja aulize. Nikasema: "Zilikuwa saba. Nilidhani ni wadudu. Nimeziziba mimi, Jumatatu, kwa gundi. Haziwezi kufunguliwa."

Hakufumbua macho. Mkono ulisimama, nadhani kwenye 20.5.

Nikaendelea, kwa kuwa nikinyamaza singeanza tena. Nikamwambia kinyozi kaniambia juzi tu. Nikamwambia vipimo ninavyo, na kwamba jana nilikaa na pini masaa mawili nizitoboe upya asijue. Pini yenyewe ndiyo hii.

Akafumbua macho. Akaitazama pini kwenye ukosi wangu.

"Kwa nini hukutoboa?"

Nikasema sikuwepo.

Nje jirani alikuwa akimfokea kuku. Kisha binti yangu akatoa pumzi puani, kitu nusu ya kicheko. Akasema: baba alikuwa akisema wewe ukiulizwa saa unataja na chanzo cha habari.

Akaniambia: "Visome."

Nikaleta daftari hili. Hakuna mtu aliyewahi kulisikia. Nikasoma ukurasa wa Alhamisi, tarakimu tu. Mia na moja. Mia na saba na nusu. Kwa kila moja aliweka kidole mahali pake, bila utepe, na hakukosea. Mia na kumi na tatu na nusu. Nikashusha daftari.

"Endelea."

Nikasema inayofuata ni ya miaka minane. Wa saba haupo. Nikasema ni kwa sababu yangu.

Akasema, "Upo."

Nikamwambia nimepima mara mbili.

"Haupo kwenye fimbo, mama. Siku ile, baba alipoondoka, nililia mpaka nikatapika. Ukanivua viatu. Ukanisimamisha kwenye fremu ya mlango, kule ghorofani, ukanipima kwa rula yako ya ofisini. Ilikuwa fupi, ukawa unaisogeza, unahesabu kwa sauti. Ukaandika kwenye daftari lako. Ukasema hiki sasa ni kitu rasmi."

Sikumbuki. Nimejaribu pale nikiwa nimesimama, na ninajaribu sasa. Mlango naukumbuka. Rula naikumbuka. Mtoto ninamkumbuka akiwa amelala. Katikati hakuna kitu.

Akauliza ilikuwa ngapi.

Nikasema sijui.

Akasema: "Wewe hutupi daftari."

Ndiyo maana niko huku. Boksi la mwaka ule lilikuwa chini kabisa, nimeyashusha mengine kumi na moja. Kuna madaftari tisa ndani. Bima, bima, bunge, ajali ya treni. La mwezi ule nimelipata. Jalada limeliwa pembeni — na hao kweli ni wadudu — na kurasa za katikati zimegandamana kwa unyevu. Nikizivuta zitachanika. Nimechomeka pini katikati na ninaiingiza taratibu, nikifuata karatasi, nisikate. Naona wino. Naona moja, na moja nyingine. Tarakimu ya tatu bado iko chini ya ukurasa wa pili.

Birika linalia jikoni. Anaita kutoka sebuleni, anauliza kama nimelala huku. Nimemwambia anipe dakika.

Akasema: chukua muda.

Kutoka hapa nilipokaa naiona korido mpaka mlango wa mbele. Amevua viatu. Sijui alivivua saa ngapi. Na yuko ukutani, amesimama wima, fimbo pembeni yake, kishikio chini, ananingoja.